Moto wa Siwema

Siku ya tisa baada ya tetemeko la ardhi, malori ya msaada kutoka nchi jirani yalifika kwenye daraja la mpakani, na kapteni wa askari waliolilinda akayaamuru yageuke. Serikali ilikwisha kutangaza redioni kwamba wananchi wana chakula cha kutosha.

Siwema, mama lishe aliyewapikia askari wa daraja hilo kwa miaka mingi, alichukua ndoo ya maji akaimwaga yote juu ya moto wa jiko lake.

"Mama, mbona umezima?" kapteni akauliza.

"Majirani zangu wanachemsha majani ya miti, afande. Nyinyi mnasema chakula kipo. Basi kaleni hicho cha redioni."

"Unajua naweza kukuweka ndani?"

"Niweke. Huko ndani pia sitawapikia."

Akaipindua sufuria, ambayo hakuwa ametia kitu bado, akaketi juu yake na kukunja mikono. Askari waliokuwa wameanza kupanga foleni na sahani zao waliacha kumtazama yeye, wakamgeukia kapteni.

Ng'ambo ya daraja, lori la kwanza lilikuwa limegeuka nusu tu. Dereva alizima injini, akatoa kichwa dirishani, akasubiri.