Zumari ya Fumo

"Kitendawili!" Kombo akaipiga ngoma yake kofi.

"Tega!" wakaitika wanawake uani.

"Zumari gani hukohoa?"

"Ya Fumo!" Wakacheka mpaka kanga zikawadondoka.

Fumo akainamia zumari yake. Harusi iliyopita kikohozi kilimkata katikati ya wimbo, bibi harusi akaingia kimya kama aliyekuja msibani. Tangu siku ile hajavuta, ingawa kukaa na wenzake bila sigara ni kama kukaa nje ya mlango.

"Shika moja, ndugu yangu, ikutoe woga," Kombo akamnyooshea sigara.

Fumo akaipachika sikioni, asiiwashe. Mara mlango ukafunguliwa. Bibi harusi wa leo akatoka kwa madaha, polepole, kama aliyepania kummaliza mtu pumzi. Fumo akavimbisha mashavu, akapuliza. Sauti ikapanda, ikazunguka ua wote, ikamsindikiza bibi harusi mpaka kitini pasipo kukatika. Vigelegele vikalipuka.

"Haya, Kombo," akasema Fumo, kifua kikimpanda na kushuka, "tega kingine!"

Kombo akacheka, akaitandika ngoma. Wanawake wakaingia kucheza, na chini ya nyayo zao sigara iliyomdondoka Fumo sikioni ikasagika pamoja na maua ya asumini.