Kibuyu cha Baba

"Hapo umekosea," alisema mama yake Nélida kutoka viti vya mbele vya ukumbi mtupu.

Nélida alikuwa jukwaani peke yake, akiigiza asubuhi ile wanajeshi walipomfuata baba yake, asionekane tena: anakunywa yerba, chai chungu ya kwao inayonywewa kibuyuni, anarudisha kibuyu mezani, anasema asante, anakwenda nao.

"Anayesema asante hataki kuongezewa. Mtoto wewe, umekunywa yerba maisha yako yote, hujui?"

"Alisemaje, mama?"

"'Niongezee, narudi sasa hivi.'"

Nélida alianza upya. Alirudisha kibuyu. "Niongezee, narudi sasa hivi," akasema, akauendea mlango.

Alipogeuka, mama yake alikuwa amepanda jukwaani na chupa ya maji ya moto, anamimina. Kibuyu kilishajaa. Maji ya moto yalimtiririkia vidoleni, wala hakuondoa mkono.