Tonge la Bi Mize

Siku ya kwanza ya mlo aliopangiwa na tabibu, Zamda aliketi mbele ya bakuli la supu ya mifupa na boga la kuchemsha lisilo na chumvi. Kwa miaka sita tumbo lilikuwa likimchoma kila alipokula.

Bibi yake, Bi Mize, aliyekwisha kupofuka, alichovya kidole bakulini.

"Mke mwenzangu, hiki ni chakula au maji ya kuoshea vyombo?"

"Ndiyo dawa, bibi. Nikila wali hata punje, naanza upya."

"Hata huu wa nazi, niliokupikia kwa kupapasa?"

Bibi alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akampapasa Zamda shavu mpaka akaupata mdomo. Ulikuwa umefumbwa. Mkono ukabaki hapohapo, mchuzi ukichuruzika kuelekea kiwikoni.