Kijukwaa cha Bi Sikudhani

Kijukwaa cha mbao kilisimama nyuma ya nyumba juu ya nguzo nne, na mchwa walikuwa wameshakula mbili. Bi Sikudhani alipanda huko kila asubuhi mpaka alipofariki. Mumewe, Mzee Mfaume, hakumfuata hata siku moja, kwa kuwa aliogopa kupanda juu.

"Nguzo hatuzigusi kwanza," alisema fundi Machano, aliyeitwa kukibomoa, akiegemeza magogo kwenye zile mbovu. "Tunaezua bati, halafu sakafu. Nguzo ni za mwisho, zisije zikatuangukia."

Bati liliposhushwa, Mzee Mfaume alishika ngazi iliyoegemezwa kwenye ukuta wa ua, kando ya kijukwaa.

"Nishikie, mwanangu. Nataka kujua alikuwa akitazama nini."

"Sawa, mzee. Ila sakafu usiikanyage."

Alipanda kidato kwa kidato, hadi kichwa kikapita ukuta. Aliona mapaa, nguo zilizoanikwa, na, kwenye ua wa tatu, nyumba yenye roshani. Hapo aliketi mama mmoja mzee asiyemjua, akichambua mchicha. Yule mama alipoona mtu ametokeza, aliinuka ghafla, akapunga mkono kwa furaha. Kisha akatambua kuwa siye aliyemtazamia, na mkono ukabaki hewani.

Mzee Mfaume alijaribu kukumbuka kama mkewe aliwahi kumtaja. Hakukumbuka.

"Kuna nini huko?" fundi aliuliza.

"Subiri kidogo."

Aliachia ngazi mkono mmoja, akapunga taratibu. Yule mama akajitanda mtandio, akaanza kushuka kutoka roshani, akielekea mlango wa nje.