Dawa ya Ngenge

Klaudia alibana pua kwa ncha ya kanga, akasukuma kikombe mezani kwa mkono mwingine, akageuzia uso ukutani.

"Kanywee nje. Ukitapika humu ndani utazoa kwa mikono yako."

Kokuberwa, binti yake wa miaka kumi na miwili, alikibeba kikombe kwa uangalifu, akatokea mlango wa jikoni na kusimama kwenye mgomba wa kwanza wa kibanja, shamba la nyuma ya nyumba. Baada ya muda alirudi anafuta mdomo. Kikombe kilikuwa kitupu.

Dawa yenyewe ilikuwa uchafu mtupu. Mganga mmoja wa Ngenge aliipika kwa mizizi, nyongo ya mbuzi na vitu vingine ambavyo Klaudia hakutaka kutajiwa. Ilikaa chunguni ikitoa povu la kijani, ikinuka kama panya aliyefia darini. Aliibeba kutoka huko mwendo wa siku nzima, akitema mate njia yote.

Lakini angefanyaje? Mtoto alitumwa maji, akarudi na unyoya. Alifundishwa herufi jioni, asubuhi hazipo. Darasani mguu wake ulitikisika tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho, na daftari alilipoteza kabla halijajaa ukurasa. Na mwaka ule alikuwa darasa la nne. Redio ilisema kila siku kwamba nchi sasa ni ya wananchi, sawa, lakini nafasi za darasa la tano zilikuwa za kuhesabu. Aliyeshindwa mtihani alirudi nyumbani kushika jembe mpaka aolewe. Klaudia mwenyewe alirudi hivyo hivyo, na hakuna alichokichukia duniani kama kumwona binti yake akiifuata njia ile.

Basi, ajabu, mtoto akaanza kubadilika. Kufikia mwezi wa pili wa dawa, Mwalimu Josia alikuja nyumbani mwenyewe, bila fimbo.

"Mama Kokuberwa, hongereni. Mtoto anakaa! Anasoma mstari mpaka mwisho wake. Mmemfanya nini?"

"Ni Mungu tu, Mwalimu," alisema Klaudia, maana mke wa katekista hatangazi habari za waganga.

Rugemalira, mumewe, alifurahi mpaka akasahau kulalamikia mgomba wake wa jikoni ulioanza kunyauka. Akavuta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, maana kwao mgeni haachwi aongee kabla hajatia punje mdomoni. Tangu dawa ianze alikuwa akinung'unika kwamba wageni wa mwaka huu wanatafuna mno. Akafunua kikapu mbele ya Mwalimu.

Ndani mlikuwa na vumbi tu.

Mwalimu alijifanya hakuona, na hilo likazidi kuumiza. Alipoaga tu, Klaudia aliingia chumbani kwa mtoto na kuinua mkeka. Chini yake palikuwa na lundo la maganda yaliyotafunwa, ya kahawia, yameshikamana kwa mate, mengine yameota ukungu, na sisimizi wanapita katikati. Aliutupa mkeka pembeni.

"Mawe, mama yangu! Mwizi! Unatafuna na kutema kama vizee vya kilabuni!"

"Ni za shule, Mama."

"Za shule? Kumbe na wenzako unawauzia kahawa ya baba yako!"

Kokuberwa aliinama. Alizoa maganda yote kwa viganja vyake huku mama yake amesimama mlangoni akitema mate. Kahawa mpya ilipotoka juani ilitiwa sandukuni, na ufunguo Klaudia akauvaa shingoni pamoja na rozari.

Wiki haikupita, mguu ukaanza tena. Unyoya nao ukarudi, na ndoo ya maji ikasahauliwa kisimani. Mwalimu Josia akarudia fimbo yake.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alimwambia Klaudia baada ya misa.

Klaudia alichukia. Kama dawa haisikiki, basi iongezwe. Siku ile ile Kokuberwa akaanza kupewa vikombe viwili, na mama akawa anageuzia uso ukutani mara mbili.

Asubuhi ya mtihani mtoto alipiga magoti.

"Mama, nipe punje mbili tu. Za mtihani."

Klaudia alimtazama kwa kinyaa kisichofichika. Mtoto wa miaka kumi na miwili, anaomba kahawa kama mlevi anavyoomba rubisi!

"Utapata vikombe viwili, vya dawa."

Akabana pua, akageuka. Mtoto alitoka, akarudi anafuta mdomo, akashika njia ya shule. Alirudi kuchukua kalamu. Akarudi tena, kuchukua kalamu ile ile aliyoisahau mara ya kwanza.

Nyumba ilipotulia, Klaudia alichukua jembe. Ule mgomba wa jikoni sasa ulikuwa umekauka kabisa, majani yananing'inia, na migomba jirani yote imenawiri. Rugemalira alisema ni bungua, mdudu wa migomba, ung'olewe kabla haujaambukiza mingine. Klaudia aliinama, akapiga jembe shinani.

Udongo ulifumuka, mweusi, unateleza, una povu la kijani. Harufu ikampiga usoni, na safari hii hapakuwa na ukuta wa kugeukia. Nyongo ya mbuzi. Panya aliyefia darini. Dawa yote ya miezi mitatu ilikuwa pale chini, haikupungua hata funda moja.

Alishika rozari kifuani, na vidole vyake vikagusa ufunguo. Ng'ambo ya bonde, shuleni, rimu ya gari iliyokuwa kengele ikagongwa kuanzisha mtihani.