Aliyekana Mimba

"Isome tena," Mama Kunigunda, mwenyekiti wa baraza la kata, alimwambia katibu. "Kwa sauti. Wa nyuma hawakusikia."

Katibu akasoma tena kutoka daftari la miaka tisa iliyopita. Mimi Leopold, mkazi wa Ukata, natamka kwamba mimba aliyo nayo mke wangu Perpetua si yangu. Tumekubaliana kutengana. Mtoto atakayezaliwa sitamdai, wala nisidaiwe. Chini palikuwa na sahihi yake, kubwa, ya mtu mwenye hakika.

Leopold alitazama viatu vyake. Masikio yalimwaka kwa aibu. Pale kwao kauli ya barazani haifutwi kwa barua. Aliyeitoa hurudi kuikana kwa mdomo wake, mbele ya watu walewale waliomsikia. Kwa hiyo wazee wote waliitwa, msimu wa kahawa umepamba moto, waache kuchuma waje kumsikiliza yeye.

Na lilikuwepo la kukana, maana kauli ile aliitunga. Alishampenda mwanamke mwingine, Devotha, na mke mwenye mimba hafukuzwi hivi hivi. Akaona njia nyepesi ni kumchafua. Siku ile alijiandaa kwa vilio na matusi. Wapi! Perpetua alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kalamu, akatia sahihi, akateremka kwao Lituhi, ziwani, bila neno. Watu walimsifu kwa moyo wake wa subira.

Akamwoa Devotha, naye hakushika mimba, mwaka wa kwanza hadi wa nane. Mwezi uliopita wakaenda Songea kupimwa. Daktari alipomwambia Leopold kwamba tatizo ni lake, hana uwezo wa kuzalisha, aliinuka akatoka. Daktari alikuwa bado anaeleza tatizo limeanza lini. Yeye keshafika stendi. Nani angekaa pale aibu yake ichambuliwe? Basi lilipopita Kitai kichwani mwake palikuwa na jina moja tu: Anjela, mtoto aliyezaliwa na Perpetua. Damu yake pekee duniani, na aliitupa mwenyewe.

Sasa akapiga magoti, mtu mzima wa miaka arobaini na tano.

"Nilidanganya," alisema. "Mke wangu hakuwa na kosa lolote."

Akasimulia yote, bila kuulizwa: Devotha, ile hila, hata hospitali. Mama yake mzazi alijifunika uso kwa kitenge. Vijana waliosimama mlangoni walitazama pembeni, kwa sababu kuna mambo mwanamume hayasemi hadharani, naye aliyasema. Akaomba arudishiwe mtoto. Atamsomesha. Shamba lote la kahawa litakuwa lake.

Wazee wakanong'onezana. Mama Kunigunda si mtu wa kulainika, lakini siku hiyo alipangusa macho. Akasema aliyejivua nguo mbele ya watu kiasi hicho asiondoke mikono mitupu. Mtoto ahamie kwa baba yake, asome huku, na likizo ateremke ziwani kwa mama. Wote wakaitikia. Katibu akafungua ukurasa mpya.

Perpetua alikuwa kwenye benchi la mbele tangu asubuhi. Mara moja tu aliinua kichwa, Leopold alipotaja hospitali. Sasa aliiona kalamu ikigusa karatasi, akasimama. 

"Msiandike," alisema. Hakuthubutu kumtazama mtu. "Leopold, siku ile hukusema uongo. Miaka yote hii najiuliza ni nani aliyekuambia."