Gauni Lililomkaa

"Vuta pumzi, bi harusi. Ndani kabisa."

Muuza magauni alishika zipu kwa vidole viwili, akaipandisha taratibu. Ilipofika katikati ya mgongo ikagoma. Mama mkwe, aliyeketi kwenye kochi la wateja na simu mkononi, akaguna.

"Usimhurumie huyo. Vuta tu, itapita."

Ikapita. Mwanamke akajishika ubavu, akajitazama kwenye kioo kirefu, kisha akamtazama mama mkwe kupitia kioo hicho hicho. Tangu waingie dukani alikuwa akiusoma uso huo. Asubuhi, kabla hawajatoka, mama alimsimamisha mlangoni akamwambia: "Ukinifanyia vizuri leo, nitasema na mwanangu, utakaa kwetu kwa amani. Ukiniletea kisirani, nisikuone tena." Njia nzima mwanamke aliomba kimoyomoyo: Bwana, nipe kibali machoni pa huyu mama.

Duka lile halikuuza gauni mpaka livaliwe, na likishatoka halirudi. Ndiyo maana muuzaji hakuwa na haraka.

"Hii ni satini nzito," alisema. Akafumbata pindo ndani ya ngumi, akaliachia. "Unaona? Halijikunji ovyo, na kwenye picha linang'aa. Ila kwa mtindo huu, kubana mpaka magotini halafu kuchanua, satini haifichi kitu. Ukila ukashiba, kanisa zima litajua. Mimi kwa mwili wako ningekupa la shifoni, linabana kifuani tu, kuanzia kiunoni linaachia. Jepesi, unapumua."

"Shifoni naipenda," mwanamke alisema. "Niliwahi kuvaa."

"Ulisimamia harusi ya rafiki?"

Mwanamke akajifanya anaweka sawa bega la gauni.

"Unachopenda wewe nani kakuuliza?" mama mkwe alisema bila kuinua macho. Alikuwa ameshampiga picha mbele, nyuma na ubavuni, na sasa simu ikalia. Akausoma ujumbe, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Mwenyewe anasema hili hili la kubana. Ila mikono iwe ya lesi, na mkia uwe mrefu."

"Makubwa! Siku hizi bwana harusi anachagua mpaka lesi? Wangu hajui hata rangi ya mapazia yetu."

Mama mkwe akacheka, akaendelea kuandika kwenye simu.

Muuzaji akaleta lesi za aina mbili. Akapitisha kila moja kwenye ngozi laini ya mkono wa mwanamke, upande wa ndani. "Lesi usiichague kwa macho peke yake. Hii ngumu ina maua mazuri, lakini ukitoka jasho utajikuna mbele ya mchungaji. Hii yenye uzi wa pamba inatulia. Hebu vua na pete, isije ikanasa."

Mama mkwe akanyoosha kiganja. Pete akaipokea yeye, akaitumbukiza kwenye pochi yake na kuifunga.

Kazi ya pini ikaanza, kwapani, kiunoni, nyongani. Moja ikamwingia mwanamke kwenye nyama. Akauma mdomo.

"Nimekuchoma, dada?"

"Hapana."

"Litie doa la damu uone," mama mkwe alisema.

Wakamwambia atembee. Akaukusanya mkia kwa mkono wa kushoto, akageuka kwenye kona ya kapeti bila kuukanyaga. Muuzaji akapiga makofi. "Wengine nawafundisha mpaka nakata tamaa. Wewe kama umezaliwa nalo!"

Mwanamke akasimama mbele ya kochi. Mbavu zilimuuma chini ya satini. "Mama," aliuliza, "limenikaa?"

"Geuka."

Akageuka.

"Inama. Inuka. Kaa kwenye hicho kiti. Basi, simama."

Mama mkwe aliinuka mwenyewe, akamzunguka, akavuta kitambaa nyongani, akatia kidole kwapani kupima nafasi. Akapiga picha nyingine na kusubiri jibu. Mwanamke alifumba macho, midomo ikimcheza kwa sala.

Simu ikalia.

"Limekaa," mama mkwe alisema. "Tena limekaa vizuri. Leo umenifurahisha."

Machozi yakamtoka mwanamke, na akayawahi kwa kiganja kabla hayajafika kwenye satini. Hakuwahi kusikia neno jema kutoka kinywa kile. "Ashukuriwe Mungu," alinong'ona.

Muuzaji naye akaguswa. Akamfuta shavu kwa kitambaa chake, akaanza kuteremsha zipu. "Furaha hiyo, bi harusi. Sasa sikia, mpaka siku yenyewe usinenepe wala usikonde. Satini haina msamaha."

"Bi harusi anatua Ijumaa kwa ndege," mama mkwe alisema, akifungua pochi kutafuta miwani. "Huyu ni mke wa kwanza wa mwanangu, tumemleta kwa sababu miili yao imelingana."

Kisha akamgeukia mwanamke, kwa sauti ya upole kabisa: "Vua taratibu, mwanangu. Nitamwambia mumeo akuachie kile chumba cha nyuma, ubaki na wanao."